Msondo bila Gurumo na TX Moshi? Lipa kiingilio, mkuu

Mkuu umeuliza kama kuna maana ya kulipia kiingilio kwenda kuiona bendi ya dansi ya Msondo Ngoma wakati waimbaji wake wakubwa wameondoka, TX Moshi William alishafariki 2006 na mzee Muhidin Gurumo 2014. Mimi niliwaona walipokuja hapa Tabora, wote wawili wakiwa wameshatangulia mbele ya haki. Jibu langu: nenda.

Nimekulia Ng'ambo ya hapa hapa Tabora, nyumba ya redio moja, na mwenye amri nayo alikuwa mzee. Nyimbo za Msondo nilizijua mpaka pale mwimbaji anapovuta pumzi. Lakini bendi zetu za dansi zilikuwa zikirekodi Radio Tanzania, halafu kanda ile ile inapigwa miaka nenda miaka rudi. Wimbo mzima tuliujua kwa namna ulivyopigwa siku hiyo moja ya studio.

Ukumbini nikajipenyeza mpaka upande wa magitaa. Said Mabera yule pale! Aliingia bendi hiyo 1973, ikiitwa bado NUTA Jazz. Uso umetulia kabisa, vidole ndiyo vinahangaika. Solo ikisema neno, ridhimu inadakia, besi inazitazama zote mbili kwa chini. Redioni vyote hivyo nilikuwa navisikia kama kitu kimoja.

Halafu likaja chemko, ile sehemu ya mwisho ya wimbo ambapo mdundo unakolea watu wacheze. Kwenye kanda linakatwa ndiyo kwanza umeanza kutoka jasho. Pale walilizungusha mpaka wapuliza tarumbeta wakashusha vyombo, wakafuta midomo, wakaingia upya na mlio mwingine ambao sijawahi kuusikia kwenye wimbo ule. Mama mmoja wa makamo akapanda kutuza, akambandika mwimbaji noti kwenye paji la uso, naye akamwimbia jina lake hapo hapo bila kutoka kwenye mdundo. Nililia, wakuu, na sioni aibu kusema.

Kuhusu waimbaji: waliopo hawakujaribu kuiga sauti ya Gurumo, na ndivyo inavyotakiwa. Bendi hii imeanza 1964, ikawa NUTA, JUWATA, OTTU, ndiyo ikaja kuwa Msondo. Gurumo mwenyewe aliondoka 1978 kwenda kuanzisha bendi ya Mlimani Park na wenzake, akarudi baadaye, na muda wote huo watu waliendelea kucheza. Ukisubiri safu ile ile ya zamani hutaona kitu. Sisi wa Tabora tunalijua hili kwa uchungu: bendi za Kiko Kids na Tabora Jazz zilitoka hapa hapa mjini, na leo vijana wetu wanazisikia kwenye kanda tu.

Wahi mapema upate nafasi karibu na magitaa, usikae nyuma kwenye maspika. Na usiondoke mapema ukidhani umeshaona, kwa sababu nyimbo za mwanzo ni za kupasha vyombo. Usiku nilioenda mimi, utamu ulianza baada ya saa sita.