Baba anataka kuingia kwenye majaribio ya dawa ya Parkinson: jibu la mgonjwa aliyewahi kushiriki

Dada, swali lako nimelisoma mara mbili. Baba yenu ana Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaokakamaza na kutetemesha mwili, mwaka wa nne sasa. Ameombwa kushiriki majaribio ya dawa inayotarajiwa kupunguza kasi ya ugonjwa, na yeye yuko tayari hata kesho. Ninyi watoto mnaogopa asije akafanywa panya wa maabara, na kaka yako anasema nusu ya washiriki hupewa vidonge vitupu visivyo na dawa, kwa hiyo ni kupoteza muda. Unauliza mumzuie au mumwache.

Mimi nina miaka 59 na ugonjwa huu ninao mwaka wa kumi na moja. Niliwahi kushiriki jaribio moja tangu mwanzo hadi mwisho, miezi kumi na minane. Dawa yenyewe na kituo sitavitaja, lakini niliyoyapitia nitakueleza yote.

Nianze na shauku ya mzee, maana naona inawatisha kuliko jaribio lenyewe. Msimshangae. Dawa zote tunazomeza zinatuliza dalili tu. Levodopa ndiyo nguzo yetu mpaka leo, na daktari George Cotzias alionyesha tangu mwaka 1967 kwamba ikipandishwa kidogo kidogo hadi dozi kubwa, mtu aliyekakamaa anainuka na kutembea. Ni dawa njema, bila hiyo nisingeweza kufunga vifungo vya shati. Lakini wakati inanisaidia, seli zinazotengeneza dopamini, kemikali ya ubongo inayouwezesha mwili kujongea, zinaendelea kufa kimya kimya, na kila mwaka unapopita nguvu ya kidonge inakatika mapema zaidi. Daktari James Parkinson alieleza ugonjwa huu mwaka 1817. Miaka zaidi ya 200 baadaye bado hakuna dawa hata moja iliyothibitishwa kuupunguza kasi. Baba yenu analijua hilo hata kama hawaambii. Mtu wa namna hiyo akisikia neno "huenda", moyo wake unalishika kama ahadi, na hapo ndipo anapohitaji watoto wake wawe karibu.

Hofu yenu ya panya wa maabara si ya kupuuzwa, ila iwekeni mahali pake. Dawa inapofika kwa wagonjwa wengi imeshapita kwa wachache, imechunguzwa usalama na dozi, na kuna kamati ya maadili inayolisimamia jaribio. Mzee anaweza kujitoa siku yoyote bila kutoa sababu, na matibabu yake ya kawaida hayaguswi. Mimi fomu ya ridhaa niliruhusiwa kuibeba nyumbani, tukaisoma na mke wangu usiku mbili, yeye akipigia mstari kila sentensi asiyoielewa. Kituo kikiwakataza kuisoma nyumbani, ondokeni. Kuhusu uangalizi, sijawahi kupimwa kwa makini kama miezi ile: moyo, damu, kumbukumbu, usingizi, hata pua kama bado inanusa. Hata hivyo hatari haikosekani. Kuna jaribio la kupandikiza seli za ubongo za vijusi, matokeo yake yalichapishwa mwaka 2001, ambalo baadhi ya wagonjwa walibaki na mijongeo isiyozuilika hata walipoacha dawa zao. Kwa hiyo ulizeni wazi: madhara mabaya kuliko yote yaliyokwisha kuonekana ni yapi, na kwa watu wangapi?

Sasa vidonge vitupu. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo niliposhika adabu ya ugonjwa huu.

Wiki ya sita tangu nianze, mkono wangu wa kulia ulianza kuyumba nikitembea. Mwenye Parkinson anajua maana yake: mkono unaacha kuyumba miaka mingi kabla hujagundua, na mimi wangu ulikuwa umeganda ubavuni muda mrefu. Mke wangu ndiye aliyeuona kwanza, akanifuata nyuma kimya, kisha akaniita. Usiku ule tulikaa hadi saa saba tukipanga mambo tuliyokuwa tumeacha kuyapanga. Hata kituoni vipimo vyangu vilionyesha nafuu. Nikawa na hakika kwamba niko kwenye kundi la dawa, nikawaambia watoto, na nikamwambia mgonjwa mwenzangu, jambo ambalo sikupaswa kulifanya.

Jaribio likaisha. Ikapita miezi kadhaa, barua ikaja: nilikuwa kwenye kundi la plasebo. Miezi yote kumi na minane nilimeza vidonge visivyo na kitu.

Sikulia siku hiyo, nililia kesho yake. Nilijiona nimewadanganya watu wote walionifurahia. Niliporudi kwa daktari wangu nikamwambia basi nilijitungia tu, akasema hapana. Akanieleza utafiti uliofanywa Vancouver na kuchapishwa mwaka 2001. Wagonjwa wa Parkinson walipigwa picha za ubongo baada ya kupewa plasebo wakitumaini ni dawa, na picha zikaonyesha ubongo wao umemwaga dopamini. Dopamini ya kweli, ile ile tunayoikosa. Katika ugonjwa wetu, kutarajia kupona kunagusa kiwanda kile kile kinachokufa. Mkono wangu uliyumba kweli. Kuna hata utafiti mdogo wa mwaka 2015 ambao wagonjwa walichomwa maji ya chumvi mara mbili, wakaambiwa sindano moja ni ya bei ya chini na nyingine ni ya gharama kubwa. Waliitikia zaidi ile waliyoambiwa ni ghali.

Mwambie kaka yako hili taratibu, maana ndilo jibu lake. Vidonge vitupu vipo kwa sababu sisi wagonjwa wa Parkinson tunaitikia tumaini kwa nguvu kiasi kwamba bila kundi hilo dawa isiyofaa itaonekana inafaa. Mfano mchungu ni GDNF, protini inayolisha seli za dopamini, ambayo ilipaswa kupitishwa kwa mirija midogo moja kwa moja ndani ya ubongo. Bristol, Uingereza, wagonjwa watano wa kwanza waliendelea vizuri mno, taarifa ikatoka mwaka 2003. Kampuni ya Amgen ikafanya jaribio lenye plasebo, tofauti haikuonekana, na mwaka 2004 ikasimamisha kila kitu, ikitaja pia kasoro zilizoonekana kwenye ubongo wa nyani waliopewa dozi kubwa. Baadhi ya washiriki walikuwa wanaamini dawa imewarudishia maisha. Waliomba waendelee kupewa, wakakataliwa, wakaenda mahakamani, wakashindwa. Bristol walijaribu tena kwa njia bora zaidi, wakachapisha mwaka 2019, na bado kwenye kipimo kikuu cha miezi tisa kundi la dawa halikulishinda kundi la plasebo kwa tofauti ya kutegemewa.

Nimefikiria sana kuhusu watu wale. Sijui kama kilichowainua ni dawa au ni kile kilichoninyanyua mimi, lakini najua ilivyo kuamka asubuhi mkono umerudi. Na ndiyo maana swali ninalowasihi mlitangulize kabla ya kalamu kugusa karatasi ni hili: jaribio likiisha, je? Mzee akiona nafuu, ataendelea kupewa dawa, kwa muda gani, na nani atagharimia? Kuna majaribio yenye kipindi cha ziada ambacho washiriki wote hupewa dawa halisi, na mengine hayana. Dawa ikisitishwa, ataambiwa ana kwa ana au atasoma kwenye habari? Na atajulishwa alikuwa kundi gani? Mimi sikuuliza hata moja. Barua niliyoipata ilikuwa na aya mbili, na hakuna aliyepiga simu kujua imenipataje. Kosa la kutouliza ni langu, lakini barua ya aya mbili kwa mtu aliyetoa miezi kumi na minane ya mwili wake si haki, na nitalisema hilo kila nikipata nafasi.

Kuna uchovu ambao hautangazwi. Kila ziara kubwa wanataka kukuona bila dawa, ili dalili zisifichwe. Maana yake unaacha vidonge angalau saa kumi na mbili. Unaamka umekuwa gogo. Mke wangu alikuwa akinigeuza kitandani, akinivalisha, akinishika hadi garini. Ukifika unaambiwa gonganisha kidole gumba na cha shahada haraka haraka, fumba na fumbua kiganja, kanyaga kisigino chini mara kumi, inuka kitini bila kushika kitu, kisha mtu anasimama nyuma yako na kukuvuta mabega aone kama utajizuia kuanguka. Kuchukuliwa maji ya uti wa mgongo kwangu kulikuwa kwepesi kuliko asubuhi hizo. Kwa hiyo msiulize tu mzee atastahimili nini. Nani kati yenu atakuwa naye kila ziara, kwa mwaka mzima au zaidi? Kama jibu ni mama peke yake, mhurumieni mama.

Jambo jingine nalisema kwa ukali: asifiche kitu. Wagonjwa tunatamani kukubaliwa kiasi cha kupunguza ukweli. Mimi nilikuwa natumia unga wa mbegu za upupu, kwa kuwa nilisikia una levodopa ya asili, na ni kweli unayo. Nilipoulizwa ninatumia nini kingine, ulimi ulisita. Nikasema. Nikatakiwa niuache, nikasubiri wiki kadhaa ndipo nikaendelea. Ningenyamaza, ningejiweka hatarini na kuharibu hesabu za wote. Vivyo hivyo kama dawa zake za sasa zimemletea tamaa ya kamari au manunuzi yasiyo na breki, jambo linalotokea kwa baadhi yetu hasa na vidonge kama pramipexole, alitaje hata kama anaona haya.

Sasa kauli ya "kupoteza muda". Kuna wakati wagonjwa tulikuwa tukila kreatini, unga wanaotumia wanamichezo kujenga misuli, kwa kijiko kwa sababu panya walionyesha matokeo mazuri. Watu 1,741 wakajitolea huko Marekani na Kanada, na mwaka 2013 jaribio likasitishwa kwa kuwa hakukuwa na faida. Isradipine, ya shinikizo la damu, watu 336 kwa miaka mitatu, hakuna kitu. Exenatide, sindano ya kisukari ya kila wiki, iliniuma zaidi. Mwaka 2017 watu 62 walitupa matokeo mazuri, mimi nikaanza kuhesabu miaka, kisha mwaka 2025 yakaja ya watu 194 waliofuatiliwa wiki 96: haikupunguza kasi. Ndugu yake, lixisenatide, mwaka 2024 ilionyesha kwa watu 156 kwamba walioitumia mwaka mmoja hawakuzorota kimwili kama wa plasebo. Tofauti ilikuwa ndogo, na karibu nusu yao walipata kichefuchefu. Hapo ndipo tulipo leo. Kila jina nililolitaja, mimi na baba yako tumeepushwa kulimeza bure, au tumeachiwa sababu ya kuendelea kuliangalia, na watu waliokubali kuvutwa mabega wakiwa hawana dawa mwilini ndio waliotufanyia kazi hiyo.

Na kama ninyi ni watu wenye asili ya Afrika kama mimi, kuna la ziada. Washiriki wa majaribio haya kwa miaka mingi wamekuwa zaidi watu wenye asili ya Ulaya. Mwaka 2023 utafiti uliohusisha wagonjwa wengi wa Nigeria uligundua badiliko la jeni ya GBA1 linaloongeza hatari ya Parkinson, la kawaida kwa watu wenye asili ya Afrika na adimu mno kwa Wazungu. Lilikuwa halijaonekana kwa sababu hatukuwa tumetafutwa.

Kwa hiyo jibu langu: msimzuie. Lakini kabla hajasaini kaeni naye, mmwambie kwa sauti kwamba huenda akapewa vidonge vitupu, huenda akapata nafuu hata kwa hivyo vitupu, na huenda dawa yenyewe ikashindwa. Mtazameni usoni. Akisema "najua, bado nataka", mpeni kalamu. Akisema "hii lazima inisaidie", subirini kwanza, mrudieni mwezi ujao. Nilikuwa mtu wa jibu la pili, nikajidhania wa jibu la kwanza.

Mimi nimeitwa tena, jaribio jingine, usaili ni wiki mbili zijazo. Mke wangu ameshaandika maswali yetu kwenye karatasi, na lile la "jaribio likiisha, je?" ameliweka juu kabisa kwa herufi kubwa. Wakilijibu vizuri tutaingia. Ukitaka orodha yote, niambie niinakili hapa.