Utajuaje Mustang ya 1968 iliuzwa mpya Ujerumani?

Mkuu, nembo ya T-5, jina ambalo Mustang iliuzwa nalo Ujerumani, peke yake usiiamini. Ni kweli Ford waliliondoa jina la Mustang Ujerumani kwa sababu kampuni ya Krupp ndiyo iliyolimiliki, lakini nembo hizo zinatengenezwa upya na kuuzwa kwa yeyote.

Anza na namba ya chesesi iliyogongwa kwenye bati la ndani la fenda ya kushoto; ilingane na ya kibati cha mlango wa dereva. Kwenye kibati hicho tafuta msimbo wa DSO (ofisi ya mauzo ya Ford iliyoliagiza gari): 90 hadi 99 ni gari la kusafirishwa nje. Kibati nacho hughushiwa, kwa hiyo agiza ripoti ya Marti, kampuni ya Marekani yenye data ya Ford kuanzia 1967.

DSO ya mji wa Marekani? Basi huenda gari lilivuka bahari baadaye, pengine na mwanajeshi.

Kisha mwombe muuzaji Fahrzeugbrief ya zamani, yaani hati ya umiliki wa gari ya Ujerumani. Hati mpya za tangu 2005 zina nafasi ya wamiliki wawili tu, ndiyo maana historia hukatika hapo. Ile ya zamani hukatwa kona kuonyesha imefutwa, na kurudishwa kwa mwenye gari. Wengi huitupa, bahati mbaya.