Jibu: Seli inajuaje kuwa IkB ndiyo ya kuvunjwa?
Mdogo wangu wa Masasi, umeuliza seli inajuaje ivunje IkB (protini inayoishikilia NF-kB, protini ya kuwasha jeni, isiingie kwenye kiini) na kuziacha protini nyingine. Haivunji ovyo, huiwekea alama kwanza.

Chukua mbangua korosho aliyeunguzwa kidole na mafuta ya ganda. Seli zikiumia hutolewa ishara za hatari, mfano protini ya TNF. Ishara ikifika kwenye seli jirani, kimeng'enya IKK huamka na kubandika fosfeti kwenye serini mbili (serini ni aina ya amino asidi, vipande vinavyounda protini) za IkB-alfa, aina mojawapo ya IkB: ile ya nafasi ya 32 na ya 36. Utamu wote uko hapo: bila fosfeti hizo, protini iitwayo beta-TrCP haiitambui. Ikishaitambua, IkB hufungwa mnyororo wa ubikwitini (protini ndogo iliyo alama ya kuvunjwa), proteasomu (mashine ya seli ya kuvunja protini) ikaikatakata ndani ya dakika chache. (Kazi hii ya ubikwitini ndiyo iliyowapa Ciechanover, Hershko na Rose Nobel ya kemia 2004.) NF-kB iliyokuwa imeshikiliwa huingia kwenye kiini na kuwasha jeni za uvimbe wa kujikinga (inflammation).

Breki je? Jeni mojawapo inayowashwa ni ya IkB-alfa yenyewe! IkB mpya huingia kiinini, huibandua NF-kB kwenye DNA na kuitoa nje. Wengi hukisahau kipande hiki kwenye mtihani.