Jibu: Kamera ya taa nyekundu Chicago, niliingia kwenye njano
Habari ndugu. Unasema uliingia taa ikiwa ya njano, lakini faini ya dola 100 imekuja. Anza na picha ya kwanza ya kamera iliyokuja na faini: tazama magurudumu ya mbele na mstari mweupe wa kusimamia. Taa ikiwa nyekundu na magurudumu bado yako nyuma ya mstari, huna hoja. Kama yalishauvuka, pinga faini, maana kosa ni kuingia kwenye nyekundu, si kumalizia kuvuka. Fungua na video pia. Wengi hunaswa wakikata kulia kwenye nyekundu bila kusimama kabisa. Kupunguza mwendo hakutoshi. Kamera hizi hupunguza ajali za kugongana ubavuni, ambazo ndizo mbaya zaidi, ila za kugongwa kwa nyuma huweza kuongezeka. Tazama kioo cha kuonea nyuma kabla ya kukanyaga breki.