Mbona mzee wako tajiri anaendesha mkweche?

Mdogo wangu, umeniuliza kwenye grupu la familia mbele ya mashangazi, basi na mimi nakujibu mbele ya mashangazi. Ile picha ya mzee ninayemhudumia akishuka garini mmeivuta mpaka mkaona kutu juu ya tairi la nyuma. Ukaandika: "Dada, unasema huyo mzee ana majengo matatu ya kupangisha na hisa juu, mbona gari lake kama teksi iliyostaafu? Na wewe mwenyewe mwaka wa tisa uko Marekani, unaendesha Corolla ya 2010. Hizo hela mnazipeleka wapi?" Shangazi mkubwa akaweka kicheko. Nimekiona.

Tuanze na gari lenyewe. Ni Buick LeSabre ya 2004, rangi ya chai ya maziwa, kiti cha mbele kimenyooka kama benchi la kanisani. Aina hiyo ilikoma kutengenezwa 2005. Mimi ndiye ninayemwendesha siku hizi, kwa kuwa macho yake yamechoka. Kwenye droo ya dashibodi kuna daftari la kava la kijani na penseli iliyofungwa kwa mpira. Kila tukijaza mafuta, lazima iandikwe tarehe, maili, galoni na bei. Oili ikibadilishwa, inaandikwa. Kurasa za mwanzo kaandika mwenyewe, mwandiko mzuri kabisa. Halafu unaona herufi zinaanza kutetemeka. Halafu unaanza mwandiko wangu.

Siku moja nikamwuliza kwa nini hanunui jipya. Nilitegemea anipe somo la maisha, hata nilishajiandaa kuwatumia nyie. Akageuka, akaniuliza: "Hili lina shida gani?" Basi. Kweli nikatafuta shida, sikuipata. Kipasha joto kinafanya kazi, na hapa Minnesota hicho ndicho kiungo cha kwanza cha gari, maana Januari mate yanaganda kabla hayajafika chini.

Sasa hesabu, kwa sababu najua wewe ni mtu wa hesabu. Gari jipya huku likitoka yadi, ndani ya mwaka mmoja limepoteza karibu sehemu ya tano ya bei yake. Barabara zetu wakati wa theluji zinamwagiwa chumvi, na chumvi haiulizi gari ni la nani. Gari la mkopo, kampuni ya mkopo inakulazimisha ukate bima kubwa. La kwako lililozeeka unakata ndogo, maisha yanaendelea. Ada ya namba ya kila mwaka nayo inashuka kadiri gari linavyozeeka. Halafu kuna hili ambalo mzee alinionyesha kwa kidole kwenye karatasi zake: mamlaka ya kodi ya huku, TRA yao, inamruhusu mwenye biashara kuondoa kwenye mapato yanayotozwa kodi senti 67 kwa kila maili aliyoendesha kikazi mwaka 2024, na senti 70 mwaka 2025. Kiwango ni kilekile, uwe na Buick ya 2004 au gari lililotoka kiwandani jana. Yeye akienda kukagua majengo yake, kila maili inaandikwa. Kumbe lile daftari la kijani si uzee wala ubahili, ni ofisi.

Lakini nisikudanganye kwamba matajiri wote wako hivyo. Sheria hizohizo za kodi zinampa nafuu nzuri mwenye biashara anayenunua gari zito la kazi, lenye uzito wa zaidi ya pauni 6,000 likihesabiwa pamoja na shehena linaloruhusiwa kubeba. Kwa hiyo mashangingi meusi unayoyaona kwenye video, mengine ni kodi iliyovaa rimu. Na nenda Los Angeles au Miami, utaona magari mpaka shingo iume. Tofauti ni kwamba huku ukiona gari la bei mbaya, hujajua chochote bado. Linaweza kuwa la daktari wa moyo. Linaweza kuwa la kijana anayebeba maboksi ghalani usiku, anayechangia chumba na wenzake wanne.

Najua kwa sababu kijana huyo alikuwa mimi.

Hili sikuwahi kuwaambia. Mnakumbuka ile picha ya mwaka wangu wa pili, nimeegemea gari jeupe, miwani ya jua, theluji nyuma? Mama aliitoa nakala akaiweka ukutani. Lile gari lilikuwa dola 24,000. Nilikuwa sina historia ya mkopo. Huku wana alama, kuanzia 300 hadi 850, na mgeni asiyewahi kukopa anaonekana kama mtu aliyezaliwa jana. Muuzaji akanichekea, akanipa kahawa, akasema hakuna tatizo: riba asilimia 17.9, miezi 72. Dola 546 kila mwezi. Mimi nikaiangalia ile 546, nikagawa kwa zamu zangu, nikaona inawezekana. Sikuizidisha mara 72. Ukizidisha unapata zaidi ya dola 39,000, kwa gari la 24,000. Na bima kubwa juu yake, dola 240 kwa mwezi.

Nikaenda vizuri mwaka na miezi kadhaa. Halafu bibi niliyekuwa namhudumia akafariki, Desemba, na wakala wangu hakuwa na mgonjwa mwingine wa kunipa mpaka Februari. Nikakosa malipo mawili. Asubuhi moja nimetoka na ndoo na kikwangulio cha barafu, nikakuta theluji imetanda maegesho yote isipokuwa pale kwangu. Palikuwa na mstatili wa lami kavu, saizi ya gari, umekatwa vizuri kama kwa rula. Nilisimama hapo nikidhani nimesahau nilipoegesha. Walikuja usiku na gari la kuvuta. Sheria inawaruhusu bila kupitia mahakamani, mradi wasilete fujo. Kiti cha mtoto kilikuwa ndani. Kupata kiti tu ilinichukua siku nne za simu.

Usidhani iliishia hapo. Gari wakaliuza mnadani kwa bei ya kutupa, na pengo lililobaki kati ya bei ya mnada na deni langu nikaendelea kudaiwa. Nililipia gari ambalo mtu mwingine alikuwa analiendesha. Picha bado iko ukutani kwa Mama, naomba muiache, sitaki maswali.

Ndiyo maana nikimwona mzee anaipapasa Buick yake kama mbuzi wa maziwa, simcheki. Kuna wakubwa kumzidi. Sam Walton, mwanzilishi wa maduka ya Walmart, aliyetajwa kuwa tajiri namba moja wa Marekani mwaka 1985, alikuwa na pikapu ya Ford ya 1979 anayobebea mbwa wake wa kuwindia. Pikapu imewekwa makumbusho kule Bentonville, Arkansas. Warren Buffett, yule bilionea wa uwekezaji, anajulikana kwa nyumba yake ya Omaha aliyoinunua 1958 kwa dola 31,500. Jeff Bezos, mwanzilishi wa Amazon, naye alikuwa na Honda ya kawaida wakati tayari ni bilionea. Ila huyo baadaye akajitengenezea jahazi la milingoti mitatu lenye urefu wa mita 127, kwa hiyo tusimfanye mtakatifu. Wengi wao wanabana pale pasipowauma.

Na hapa kuna kitu ambacho hawa wanaosifia unyenyekevu wa matajiri hawakisemi. Mzee wangu akifika benki na ile Buick, meneja anatoka mwenyewe kumfungulia mlango. Hahitaji gari limtambulishe. Jina lake limeshatangulia. Mwezi wa kumi nilichukua gari hilohilo, peke yangu, kwenda kumfuatia dawa. Sijafika mwisho wa mtaa wao, taa za polisi nyuma. Natoka wapi, naenda wapi, gari la nani, kwa nini niko mtaa huu. Dakika ishirini, mikono juu ya usukani, dawa zinasubiriwa. Yeye akiwa ndani, lile gari linasema mzee asiyejikweza. Nikiwa mimi peke yangu, linasema maneno mengine kabisa. Nilipomsimulia, alinyamaza muda mrefu, kisha akaandika barua ya kunitambulisha, akaweka sahihi, akaiingiza ndani ya lile daftari. Iko hapo mpaka leo.

Kwa hiyo nawaelewa nyie huko. Bongo gari linafungua geti. Mlinzi akiona V8 anakimbia, akiona IST anakuuliza unamtafuta nani. Ukienda kuposa na bajaji, wakwe wanasikiliza bajaji, hawakusikilizi wewe. Lakini hata huko si wote. Umemsahau yule mwenye duka la vitenge Mtaa wa Kongo, tuliyekuwa tunamcheka kwa kirikuu chake kilichofungwa mlango kwa kamba? Wewe ndiye uliyeniambia ghorofa lile la Magomeni ni lake.

Sasa lile ombi uliloniletea pembeni, siyo kwenye grupu, nalo nalijibu hapahapa. Hela ya kununua Toyota Crown sitatuma. Crown unayoitaka ni injini ya cc 2,500, na ushuru wa bidhaa wa TRA unapanda ukishavuka cc 2,000, hapo bado hujaweka mafuta ya foleni ya Mbagala. Ukipata IST ya mtu unayemjua, nitachangia nusu, na nusu uitoe wewe, siyo Mama. Usinitumie picha ya rimu wala ya redio. Lala chini na simu, unipigie picha ya tumbo la gari, na video injini ikiwashwa asubuhi ikiwa ya baridi. Na Corolla yangu ilimalizika kulipiwa siku niliyoinunua. Shangazi anaweza kuendelea kucheka.