Sifa za mhusika mkuu zionekane katika matendo

Ndugu, umeuliza utampaje sifa njema mhusika wako mkuu, binti anayenunua viazi mviringo Njombe na kuvisafirisha hadi Dar es Salaam, bila kumfanya malaika. Uaminifu wake usiutaje. Mkutanishe na gunia la lumbesa, lile linaloshonewa kilemba juu hadi kuzidi kilo 100 lakini likalipiwa kama gunia la kawaida, huku mkulima, aliyebanwa na ada za watoto, akiwa tayari kukubali bei yoyote. Akikataa kilemba hicho na faida ya safari nzima ikapotea, msomaji atamwamini. Ujasiri ni rahisi zaidi kuuandika, na kwa maoni yangu hutumiwa kupita kiasi. Mwachie pia kasoro, tuseme kiburi cha kutoomba msaada, mradi imgharimu jambo ndani ya hadithi.