Siku moja Unguja na watoto: kobe, kima punju au pomboo?

Mkuu, umesema mnakuja kutoka Dar na watoto wawili, mna siku moja tu ya kuona wanyama, na papasi (dalali wa watalii) mmoja pale Forodhani anataka kuwauzia pomboo wa Kizimkazi, kobe wa kisiwa cha Changuu na kima punju wa msitu wa Jozani, vyote kwa mpigo. Mimi ni wa Ng'ambo, hapahapa mjini Unguja, wageni wote wa ukoo huniangukia mimi, kwa hiyo sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa: pomboo waacheni.

Kizimkazi wapo kweli. Shida ni namna wanavyotazamwa. Nahodha mmoja akiona pezi, boti zote zinageuka kulekule, na wageni wanaambiwa warukie mbele yao. Pomboo wanazama, wanaibukia mbali, mbio zinaanza upya. Mtoto asiyejua kuogelea atabaki kunusa moshi wa mashine mpaka atapike. Mking'ang'ania, patana na nahodha kabla hamjapanda: mtatazama mkiwa botini, mwendo wa pole, hakuna kuwakatia njia. Akileta ubishi, shukeni.

Changuu nendeni asubuhi, hasa msimu wa kusi, maana mchana bahari huchafuka. Kutoka Mji Mkongwe ni kama nusu saa. Bei iwe ya boti nzima, kwenda na kurudi, na pesa iliyobaki mtoe mkisharudi. Maji yakiwa yametoka mnaweza kushuka kwa kulowana, basi vaeni ndala.

Kobe wale asili yao ni Ushelisheli. Wa mwanzo wanne waliletwa 1919, zawadi ya gavana wa Kiingereza wa huko. Miaka ya 1990 wezi nusura wawamalize. Umri utaukuta umeandikwa kwa rangi mgongoni. Mkune mmoja shingoni taratibu: ananyanyuka kwa miguu yote minne, anarefusha shingo, anatulia kama mzee kwa kinyozi. Ukimlisha majani shika ncha ya bua, kwani meno hana ila mdomo wake unakata, na kidole cha mtoto kwake ni mchicha tu. Wasikaliwe mgongoni, hata kwa picha. (Gereza mtakaloliona hapo kisiwani lilijengwa miaka ya 1890 ila halikufunga wafungwa, likaishia kuwa karantini.)

Mkishakula, Jozani. Kima punju kwa asili ni wa Unguja tu. Hali matunda mabivu, tumbo lake ni la majani na matunda mabichi, ndiyo maana hana habari na ndizi zako. Wengine hula mkaa kupunguza sumu ya majani. Mara nyingi mtawakuta karibu na barabara, wanarukaruka juu ya vichwa vyenu. Msiwaguse, mafua yenu yanawapata. Msitoke bila kupita daraja la mbao la kwenye mikoko, kaa wa matopeni watawavutia watoto kuliko kima wenyewe.

Bebeni vitambulisho, kiingilio cha Mtanzania si cha mgeni. Na kama mnakuja Idi, boti ya Changuu iwekeni jana yake.